Diski (vichwa vya neva za macho) za macho yote mawili zimevimba, mashine ya CT ya kupiga picha ya kichwa iko mbali: nimpeleke leo au nianze dawa?

Tabibu_Newala
Habari za kazi wakuu. Nipo kituo cha afya, wilaya ya Newala. Mama wa miaka 29, kilo 94, urefu sentimita 156. Kichwa kinamuuma wiki ya 6 sasa, zaidi alfajiri. Akiinama kuokota korosho macho yanaingia giza sekunde chache, akiinuka yanarudi. Usiku anasikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo. Duka la miwani limempa miwani ya kusomea, lakini ubaoni anasoma 6/6, yaani uoni wa kawaida, macho yote mawili.

Nimeweka tropikamidi 1% (matone ya kupanua mboni), nikasubiri dakika 20. Kingo za diski hazionekani, mishipa inapotea inapovuka ukingo, na jicho la kushoto lina vistari vya damu. Presha 128/82, VVU hana, homa hana, shingo laini. Je, nianze asetazolamaidi (vidonge vya kupunguza maji ya ubongo) nisubiri kliniki ya macho, au nimwandikie rufaa leo? Ndugu wanakataa sindano ya mgongo, wanasema inapoozesha.

MachoKusini
Rufaa leo, mkuu. Hiyo 6/6 isikutulize hata kidogo. Utando unaofunika ubongo unaendelea mpaka nyuma ya jicho, umeizunguka neva ya jicho, na maji ya ubongo yamo humo humo. Presha ikipanda fuvuni, neva inabanwa na diski inavimba. Nyuzi zinazokufa kwanza ni zile za kuona pembeni. Katikati hubaki pazuri hadi mwishoni, na ubao wa herufi unapima katikati tu. Mgonjwa anaweza kusoma mstari wa mwisho huku anagonga fremu za milango.

Kabla hajaondoka, mpime uwanja wa kuona. Kaa mkabala naye, mita 1, jicho moja limefunikwa, ulete kidole kutoka pembeni pande zote nne. Kisha afuate kidole kushoto na kulia: jicho lisilogeuka vizuri kuelekea upande wa sikio, au kuona vitu viwili kwa mbali, ni neva ya 6, inayogeuza jicho upande huo, imelemewa. Andika yote kwenye karatasi ya rufaa, maana ndicho kipimo cha kulinganishia wiki ijayo.

Kupima presha umefanya vyema sana. Presha ya mwilini ikifika 180/120 au zaidi, nayo huvimbisha diski zote mbili, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Uvimbe wa neva yenyewe, kwa kawaida, hushika jicho moja, huuma jicho likigeuzwa, na uoni hushuka ndani ya siku chache huku rangi nyekundu ikififia. Huyu hafanani na hilo.

Dkt_wa_Ndani
Naongezea mpangilio, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. CT kwanza, sindano baadaye. Kama kuna uvimbe mkubwa kichwani, kutoa maji mgongoni kunaweza kuusukuma ubongo chini na kumuua. Piga simu hospitali ya Ligula na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara, kabla gari halijatoka, ujue mashine inafanya kazi wapi leo.

CT ikiwa safi, msimruhusu kurudi nyumbani. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya vena ya ubongo inaweza isionekane kwenye CT ya kawaida. Omba picha ya vena yenye dawa ya mshipani. Muulize kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na kama amejifungua karibuni.

Ndipo sindano. Alale ubavu, maji yakianza kutoka anyooshe miguu polepole, atulie, apumue. Akijikunja na kulia, kipimo kitapanda kwa uongo. Kama hakuna bomba la kupimia, mpira wa dripu ulio safi na tasa ukisimamishwa wima, pamoja na rula, unatosha. Sifuri iwe usawa wa sindano. Sentimita 25 na zaidi imepanda. 20 hadi 25 ni mashaka. Kwa uzito wake sindano ya kawaida ya sentimita 9 huenda isifike, kwa hiyo waandae ndefu.

Ndugu uwaeleze hivi: uti wa mgongo unaishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Sindano inaingia kati ya ya 3 na ya 4, au ya 4 na ya 5, ambako kuna nyuzi zinazoelea majini tu.

Tabibu_Newala
Asanteni sana. Nimemuuliza tena: hatumii vidonge vya uzazi, hajawahi kujifungua. Ila anakunywa doksisaiklini ya chunusi, mwezi wa 2 huu.

Mfamasia_Lindi
Isimamishwe sasa hivi, na iandikwe kwenye rufaa kwa herufi kubwa. Doksisaiklini na ndugu zake wa tetrasaiklini hupandisha presha ya fuvu, sawa na vitamini A nyingi na isotretinoini (dawa nyingine ya chunusi).

Asetazolamaidi isubiri sindano. Ikithibitika hakuna uvimbe, damu iliyoganda wala maambukizi, huanza miligramu 250 hadi 500 mara 2 kwa siku na kupandishwa taratibu. Apimwe mimba na figo kwanza. Mwambie mapema kwamba vidole vitamchonyota na soda itakuwa na ladha ya chuma, la sivyo ataiacha siku ya tatu. Anywe maji mengi, ina tabia ya kuleta mawe ya figo.

Kwa mgonjwa mwenye VVU na fangasi ya ubongo usiguse dawa hii, inadhuru. Pale presha ya fuvu hushushwa kwa kutoa maji kwa sindano ya mgongo, hata kila siku.

Kupunguza uzito nako ni dawa: asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 5 hadi 9. Msimu huu korosho za kukaanga ndizo za kuchunga, gramu 100 zina kalori zaidi ya 550.

MachoKusini
Uoni ukianza kushuka njiani au wodini, hata mstari mmoja wa ubao, hiyo si kesi ya vidonge tena. Apelekwe Muhimbili siku hiyo hiyo kwa upasuaji.