Msaada wa haraka: makopo matano, unga wote mweupe, na arusi ni kesho

Mahamri_Majengo (saa 10:40 jioni)
Salaam alaykum wenzangu, nna shida na sina muda. Binti wa ndugu yangu kaja likizo, kaniona nna kazi nyingi, akanipangusia makopo yangu ya jikoni kwa maji ya sabuni. Karatasi za majina zimetoka zote. Sasa nna makopo matano mezani, yote unga mweupe: bekin pauda, magadi soda, konflawa, na ndimu ya unga. Nitayajuaje bila kuonja? Nna oda ya mahamri mia mbili, yatakiwa Kisauni kesho saa moja asubuhi.

Nahodha_Tudor
Dada, kwa Mombasa hii usiseme kwa sauti kuwa una unga mweupe usioujua. Watakuja na mbwa.

Bi_Kibokoni
Mahamri na bekin pauda wapi na wapi? Tui zito, iliki, hamira, basi. Nyinyi wa siku hizi mwataka hamri lile kama keki. Bibi yangu alikuwa akikanda usiku, alfajiri kila moja limefura tumbo wazi, na hilo bekin pauda hakulijua hata kwa jina.

Mwalimu_Mstaafu
Chota kijiko cha chai kutoka kila kopo, weka kwenye visahani, visahani viwe mbalimbali. Tone la siki kwanza: magadi soda na bekin pauda zitatoa povu, konflawa na ndimu zitanyamaza. Kisha maji ya moto kwa sampuli mpya: bekin pauda itachemka yenyewe bila siki, maana asidi yake imo ndani tayari. Kama una ayodini ya kidonda, tone moja hugeuza konflawa bluu inayokaribia weusi. Bekin pauda nayo itageuka, kwa sababu hutiwa wanga, kwa hiyo ayodini peke yake itakudanganya. Ndimu ya unga, iweke pamoja na magadi soda kisha maji: povu.

Ukiwa na bizari ya manjano pia yafaa. Magadi huigeuza rangi ya tofali.

BodaLikoni
Mwalimu umenikumbusha mbali. Mamangu alikuwa akipika sabuni ya mafuta ya nazi, akanituma nichanganye kostiki soda. Hutiwa soda kwenye maji, kidogo kidogo. Mimi nikamwagia maji juu ya soda, tena mengi. Likanirukia mkononi, beseni la plastiki likalegea kama chapati. Kovu ninalo hadi leo. Ila ile sabuni ilikuwa nzuri, siku hizi hupati.

Mwalimu_Mstaafu
Pole. Mwenye uzi, nimesoma tena. Umesema makopo matano, ukataja vitu vinne.

Mahamri_Majengo
La tano si la jikoni hasa. Nikiyajua manne, la tano litajijua lenyewe.

Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu, la tano ni nini?

Mahamri_Majengo (saa 12:05)
Dawa ya mende. Ule unga wa boriki, wauzwa kwa kupimwa. Kilikuwa kikaratasi kimechanika nikakihamishia kwenye kopo. Msinipigie kelele, lilikuwa na jina.

Nahodha_Tudor
Lilikuwa.

Mahamri_Majengo
Nshakanda kilo tano, na nilitia vijiko viwili kabla sijagundua majina hayapo. Lakini nilinusa, haina harufu ya dawa. Na unga umefura vizuri mno, kwa hiyo ilikuwa bekin pauda. Mie nakaribia kuchoma.

Mwalimu_Mstaafu
Usichome. Boriki haina harufu. Na unga umefurishwa na hamira, ungefura hata ungetia chokaa ya ukutani. Mafuta ya moto hayaiondoi boriki.

Shee_Mkweli
Chakula cha watu ni amana, dada. Arusini kuna watoto na wazee.

Mdadisi_001
Samahani, mie siamini. Makopo matano, siki, ayodini, yote yametimia? Hii ni kazi ya sayansi ya mtoto wa gredi ya nane, mzazi amekuja kutufanyisha. Halafu nimeangalia jina hili: mwezi uliopita liliandika humu latafuta mke, "awe na dini, asiwe mrefu."

Nahodha_Tudor
Hahahaa! Asiwe mrefu!

Bi_Kibokoni
Nilijua. Mpishi wa kweli hatii bekin pauda.

Mahamri_Majengo
Huyo ni kakangu, twatumia simu moja! Bado hajapata, kama kuna mtu. Na mtoto wa gredi ya nane hana mikono iliyonuka iliki kama yangu sasa hivi. Nimefanya vyote, sikilizeni. Kopo la kwanza: siki povu, na manjano yamegeuka vile doa la biriani linavyogeuka kwenye kanzu likiguswa na sabuni. La pili: povu, na ayodini imekuwa nyeusi. La tatu: nyeusi, povu hakuna. La nne limechemka nilipolitia magadi na maji. La tano halikufanya chochote. Limekaa tu chini ya kisahani.

Mwalimu_Mstaafu
Ahsante. Sasa umeyajua yote. Vijiko viwili vilitoka kopo gani?

Mahamri_Majengo (saa 1:20 usiku)
Lililokuwa karibu na jiko.

Mwalimu_Mstaafu
Na sasa liko wapi?

Mahamri_Majengo
Mtoto kayapanga upya kwa urefu.

BodaLikoni
Lete kinyunya kidogo mwalimu akipime.

Mwalimu_Mstaafu
Vijiko viwili ndani ya kilo tano, na tui, na sukari? Kwa siki na manjano sitaona kitu. Visahani vyako vimejibu swali la makopo. La kinyunya hawezi kulijibu mtu.

Mahamri_Majengo (saa 2:10)
Kiko nje kwenye ndoo. Nimekimwagia maji ya sabuni makusudi, nisije nikakirudia usiku. Sasa nani ana mahamri mia mbili kabla ya saa moja?

Bi_Kibokoni
Mie. Bei ya arusi, na hayana bekin pauda.