Nyuklia Uyombo: mlichagua mahali kwanza, mkaja kutuuliza baadaye

Wanajamvi, leo sina salamu ndefu. Nimechoka kuitwa mjinga.

Kila mara sisi watu wa Uyombo, Matsangoni na Watamu tukisema hatuutaki mtambo wa nyuklia, anatokea mtu Nairobi, amekalia kiti chake, anaandika ati Wapwani wanapinga maendeleo, ati hatujasoma, ati tumetiwa maneno na mashirika ya haki. Sasa leo naandika kirefu. Asiyetaka kusoma apite, lakini asirudi kesho kutuuliza "mnapinga nini hasa?"

Kwa wageni wa jambo hili: serikali kupitia NuPEA, shirika lake la nyuklia, imekuwa na mpango wa kujenga mtambo wa megawati 1,000 kwa takriban shilingi bilioni 500. Ujenzi uanze 2027, umeme uanze kutoka 2034. Na mahali palipotajwa ni Uyombo, Kaunti ya Kilifi. Kwetu.

Ambao hamjafika, Uyombo mbele ni Bahari Hindi, ubavuni ni Mida, hori la mikoko ambako kaa na samaki wadogo wanakulia kabla ya kutoka baharini. Ukivuka barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi unaingia Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, wenye yule sange, mnyama mdogo wa matako ya dhahabu, ambaye wazungu wanapanda ndege kuja kumpiga picha. Ukipanda kaskazini kidogo ni Watamu, ambako kasa wanataga. Bahari ile imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. UNESCO nao wakaitambua Malindi-Watamu kuwa hifadhi ya kimataifa ya viumbe na mazingira yao (biosphere reserve) mwaka 1979.

Kwa hiyo mvuvi wa hapa akikutwa na mshipi ndani ya mipaka ya hifadhi, anashikwa. Analala ndani. Wazee wetu walielezwa tangu zamani kwamba bahari hii ni nyeti, isiguswe, na wakakubali ingawa iliwauma tumboni. Leo serikali ile ile iliyotukataza ndoana inataka kuweka tanuri la urani pembeni mwa hori. Mimi ndiye nimechanganyikiwa ama ni nyinyi?

Tuje kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo wanapopita mbio kwenye mikutano. Mtambo wa megawati 1,000 ukipozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja hunywa karibu mita za ujazo 40 hadi 50 kila sekunde. Sekunde, si saa. Usiku na mchana, kaskazi na kusi. Maji hayo yanarudi baharini yakiwa na joto zaidi, nyuzi saba hata kumi. Na yanaponyonywa hayaingii peke yake, yanaingia na mayai ya samaki, na vifaranga vya kamba na kaa, vitu vidogo ambavyo hakuna chujio la kuvirudisha vikiwa hai. Mnajua vifaranga hivyo vinatoka wapi? Vinatoka kwenye mikoko ya Mida.

Matumbawe nayo hayahitaji nyuzi kumi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, zaidi ya kawaida kwa nyuzi moja au mbili tu, miamba ya Malindi na Watamu iligeuka kuwa myeupe na sehemu kubwa ikafa. Waulizeni wavuvi wa makamo wawaeleze tafi na changu walikwenda wapi miaka ile. Halafu waulizeni waliowahi kusikia neno hilo, matumbawe, likitajwa kwenye mkutano wa kutuuzia mradi. Tunachosikia ni "teknolojia ya kisasa" na ajira. Ajira za vijana! Kijana wa Uyombo ambaye shule yake haina maabara ataajiriwa kuendesha nyuklia, ama atachimba msingi miaka mitatu kisha apewe kazi ya kufungua lango?

(Na kuna hili ambalo lilinichekesha mpaka nikakasirika tena. Mwaka 2013 mtambo wa Oskarshamn kule Sweden ulizimwa kwa sababu konyeza walijaa kwenye mabomba ya kuvuta maji. Konyeza, ndugu za hawa wanaotuwasha tukiogelea. Wenzetu hapa kuna siku wanavuta nyavu zinakuja na konyeza watupu.)

Sasa nieleze kinachonikosesha usingizi, na hiki hakihusu sayansi ya nyuklia hata kidogo.

Owino Uhuru. Mkaazi yeyote wa Mombasa anapajua. Kiwanda kidogo cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi wa risasi, yaani yale madini ya ndani ya betri, ukaingia vyumbani, maji machafu yakapita mlangoni, watoto wakapimwa damu ikakutwa na sumu. Watu wakapiga kelele mwaka baada ya mwaka, kiwanda kikafungwa 2014. Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi mle na mtoto wake mwenyewe akaugua, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Dunia ilikuwa imeshasikia. Kwetu nchini kesi ikaamuliwa 2020, wakaazi wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na taasisi za serikali zikabebeshwa sehemu ya lawama. Zikakubali? Zikakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitupa ile fidia. Mpaka Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao. Hesabuni wenyewe: miaka kumi kamili tangu kiwanda kifungwe, watu bado wanapanda na kushuka ngazi za korti, na wengine wamezikwa.

Hicho kilikuwa kiwanda cha betri. Risasi, sumu ambayo binadamu anaijua tangu enzi za Warumi. Nchi ikashindwa kumzuia mwenye kiwanda kimoja mtaani, ikashindwa kusafisha, na badala ya kuomba radhi ikaajiri mawakili wa kupigana na akina mama. Halafu nchi hiyo hiyo inakuja Uyombo na kusema: tuaminini na urani.

Na urani iliyotumika haifungwi kwa kufuli kama kile kiwanda. Inatolewa ikiwa moto, inalazwa kwenye bwawa la maji miaka kadhaa, kisha inahamishiwa kwenye makasha mazito, na baada ya hapo dunia karibu yote bado inakuna kichwa. Finland ndio waliochimba hadi ndani ya mwamba, zaidi ya mita 400 chini, kuandaa kaburi la kudumu la taka hizo, na imewachukua miongo. Sisi tutazika wapi? Plutoniamu iliyomo inachukua miaka 24,000 kupungua nusu. Gede, magofu yetu yale tunayoonyesha watalii na kusema ni ya kale, hayajafika hata elfu moja.

Naomba niwe muungwana kwa waliosoma fizikia humu. Najua mtambo wa nyuklia hautoi moshi. Najua Koeberg ya Afrika Kusini iko pwani, si mbali na Cape Town, na imewasha taa tangu 1984 bila kulipuka. Sijasema utalipuka kesho. Nauliza siku mambo yakienda kombo, nani atabeba, na historia ya hapa Pwani imeshanijibu.

Haya, tuseme mambo yameenda kombo. Tukimbilie wapi? Kuna barabara kuu moja. Novemba 2023 mvua ya El Niño ilipokuja, maji yalifunika daraja la Mbogolo na barabara ya Mombasa–Malindi ikakatika. Abiria walikwama huku na huku, bidhaa zikapanda bei, na ilikuwa mvua tu. Nyuma yetu bahari, ubavuni hori, mbele mto umefurika. Mtu anionyeshe kwenye ramani njia ya kuwatoa watu wa Matsangoni kwa siku moja. Kule Fukushima, mtambo wa nyuklia ulipopata ajali 2011, walitolewa watu zaidi ya 150,000, na Japani wana treni, wana mabasi, na watoto wao hufunzwa shuleni namna ya kukimbia.

Na msiniambie Kenya haina tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 ilifika hapa. Bahari ilijivuta isivyo kawaida, ikarudi kwa nguvu, ikavunja vyombo, na mtu mmoja akafa. Bahati yetu ilikuwa umbali, na kwamba habari zilitangulia wimbi. Jirani zetu Wasomali walikufa karibu 300.

Halafu kuna jambo la umeme wenyewe, ambalo sioni wapenzi wa mradi wakiligusa. Kilichoharibu Fukushima ni kukatika kwa umeme. Wimbi lilizamisha jenereta, pampu za kupozea zikasimama, basi. Mtambo wa nyuklia wa kawaida hata ukizimwa unahitaji umeme, wa nje au wa jenereta, ili ujipoze. Sasa nikumbusheni: Agosti 2023 nchi hii haikukaa gizani karibu yote, mpaka uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta? Na haikuwa mara ya mwisho. Mapema 2025 matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa kama megawati 2,300. Wataalamu wa nyuklia wenyewe hushauri mtambo mmoja usizidi kama sehemu ya kumi ya gridi, yaani mtandao wote wa umeme, kwa sababu ukizima ghafla unaiangusha gridi yote. Wetu ungekuwa megawati 1,000. Pigeni hesabu.

"Kwani hamtaki umeme?" Tunautaka sana. Kuna nyumba Uyombo zinatumia koroboi huku waya umepita juu ya bati. Lakini chini ya Bonde la Ufa kuna mvuke unaokadiriwa megawati 10,000, na Olkaria haijachimba hata sehemu kubwa yake. Kule Turkana kuna upepo wa megawati 310 tayari. Jua la Magarini sina haja ya kulieleza. Shilingi bilioni 500 zingeanza kazi huko kesho asubuhi. Nazo hizo bilioni 500 ni za kuanzia mazungumzo: Finland walianza kujenga mtambo wa nyuklia wa Olkiluoto 3 mwaka 2005 wakisema wangemaliza 2009, ikaanza kazi rasmi 2023. Georgia, Marekani, mradi wa nyuklia wa Vogtle ulitarajiwa dola bilioni 14, ukapita 30. Hao ni watu waliojenga mitambo hii zamani. Sisi bado tunaulizana Galana-Kulalu, lile shamba la serikali la umwagiliaji, ilitoa magunia mangapi ya mahindi.

Ardhi sitaisema sana maana nikiianza sitamaliza. Wengi wetu tunaishi kwenye mashamba ya babu zetu bila hatimiliki, na kwa karatasi sisi ni maskwota. Mtu asiye na hati analipwa fidia ya nini? Ya minazi na makaburi? Pwani tunajua thamani ya mnazi inapokadiriwa na mtu aliyekuja kuukata.

Na tumesema kwa adabu, msidanganywe. Novemba 2023 ombi lilipelekwa Bungeni likisaidiwa na mashirika ya haki, likiwemo lile la Omido. Katiba kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe, cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Lamu walitumia njia hiyo hiyo dhidi ya makaa ya mawe, na mwaka 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mngedhani somo limeingia. Mei 2024 watu wa Uyombo walipoandamana, walikutana na polisi, na watu wakaumia. Huo ndio ushirikishaji wa umma tuliopata.

Kuna atakayesema nimechelewa, mradi unapelekwa Siaya sasa, kwa watu wa Ziwa Viktoria. Ndugu, sifurahii hata kidogo. Mvuvi wa dagaa wa Rarieda ni mvuvi kama mimi, na ziwa lile halina hata mkondo wa kusi wa kulisafisha, tena linanywewa na Uganda na Tanzania. Wenzetu wa Siaya mlio humu, ombeni kuona karatasi kabla ya kupiga makofi mkutanoni. Ulizeni maji, barabara na taka. Msikubali kujibiwa kwa wimbo wa ajira.

Na sisi hatujalala. Jina kuhama midomoni mwa wanasiasa halijafuta kitu. Nawajua humu kuna mlio serikalini, kaunti na taifa, na mwakilishi wetu mmoja najua anasoma ingawa hachangii. Mheshimiwa, ulisimama mbele ya wazee ukasema uko nasi. Basi tuletee barua inayosema Uyombo imeondolewa kabisa kwenye orodha, hata kama Siaya itashindikana. Ukurasa mmoja unatosha, wenye muhuri, sahihi na tarehe. Piga picha uiweke hapa chini.