MREJESHO: Beetle ya 1969 niliyoweka breki za diski mbele, magurudumu yalikuwa yanashika yenyewe

Wakuu salama? Niliuliza kuhusu Volkswagen Beetle ya mzee, tumetoa breki za ngoma za mbele tukafunga diski na kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski), ikawa nikitoka Posta nikifika Ubungo rimu za mbele hazishikiki kwa moto na gari zito kama inavuta trela. Wengi mlisema pedi mbovu. Sio pedi.

Fundi wangu wa Ilala aliinyanyua kwa jeki, akajaribu kuzungusha gurudumu likagoma, akalegeza kale kaskurubu ka kutolea upepo kwenye kalipa, mafuta ya breki yakaruka pyuu na gurudumu likaachia hapo hapo!! Maana yake presha ilikuwa inabaki kwenye paipu. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli) ilikuwa ile ile ya ngoma, ina vali inayobakiza presha kidogo, na kwa breki za ngoma hiyo presha haina shida kwa sababu shuu (zile zinazobana ngoma kwa ndani) zina springi za kuzirudisha, sasa kalipa haina springi hizo kwahiyo pedi zinabaki zinasugua diski muda wote.

Tumeweka masta silinda ya diski, tukatoa upepo upya, mafuta ya breki mapya ya DOT 4. Aisee gari imekuwa nyepesi, na hata nikipita kwenye maji pale Jangwani breki inashika, zamani ngoma zikilowa ilikuwa ni kuomba Mungu tu.

Nyuma nimeacha ngoma, handbreki inashika vizuri na ukikanyaga breki uzito mwingi unakuja mbele. @ aliyesema niangalie masta silinda kwanza, asante sana kaka.