RTD ilikosea kuuzuia wimbo "Mambo kwa Soksi" wa mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala?

Mdau_Sinza: Wakuu, enzi hizo Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ndiyo redio pekee Tanzania Bara. Wimbo ukigomewa Dar, wa Kigoma hausikii. Remmy aliwaambia vijana wavae soksi, yaani kondomu, UKIMWI ukiwa unawamaliza. RTD ikakataa kuurusha. Mimi nasema ilikosea. Kwa Mkongo, alitusemea kuliko wazawa wengi.

Kinda_la_Rumba: "Kwa Mkongo"? Futa hilo. Kazaliwa Kindu 1947, hakuna anayebisha. Lakini 1978 kaja Dar kwa mjomba wake Mzee Makassy, kapiga Orchestra Makassy, kisha bendi ya Matimila, kafa hapa Desemba 2010. Makonda wa daladala wanaita kituo "Sinza kwa Remmy" mpaka leo. Ulitaka akuonyeshe cheti gani?

Mdau_Sinza: Nilikuwa namsifu, ndugu yangu!

Gitaa_Kavu: Magitaa ni ya Kikongo, kulikiri hilo si kumnyang'anya uraia. Sikilizeni gitaa la solo na la rhythm yanavyojibizana, kila gitaa na kipande chake kifupi kinachorudiwa. Utanzania uko kwenye mpangilio. Bendi za Kinshasa zina haraka ya kufika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, Remmy anakaa kwenye maneno, anahubiri, ndipo anaachia chemko, yaani sehemu ya kasi ya kucheza. Ukimkata dakika tatu za redio umekata hoja yenyewe.

Bi_Mwanahamisi: Hoja kwa nani? Kwenye albamu ya "Mambo" ya 1992, ile ya Real World, lebo ya Uingereza, kaimba Kiingereza. Mnyonge wa Manzese aliambulia nini?

Kinda_la_Rumba: Dada, umeruka 1989! "Songs for the Poor Man", lebo hiyo hiyo: "Kipenda Roho", "Karola", Kiswahili kitupu. Wazungu ndio waliohitaji mkalimani.

Bi_Mwanahamisi: Jina la albamu je, Kiswahili? Na mwishoni kahamia injili, wanyonge kawaachia nani?

Gitaa_Kavu: Injili si usaliti, Bi. Mwanahamisi. Wimbo "Kifo" aliuimba akiwa bado kwenye dansi, na ule ni mahubiri tosha. Kuhusu soksi: RTD ilikuwa studio na redio kwa pamoja. Bendi inapiga wote kwa mkupuo mmoja, mkanda unabaki kwao. Wakikunyima hewa, unabakiwa na ukumbi na kaseti. Soksi ilipita huko.

Bi_Mwanahamisi: Kaseti za kunakili madukani, ambazo mtunzi hapati hata senti. Huyo ndiye mnyonge wa kwanza, na hamjamtaja.

Mdau_Sinza: Basi RTD ilimnyima hewa, na riziki yake pia.

Kinda_la_Rumba: Neno "Mkongo" bado liko pale juu. Nasubiri.