Naomba ushauri: upimaji wa maji ya visima karibu na mradi wa urani, Namtumbo

Ndugu wataalamu, naomba ushauri kuhusu visima vya wilaya ya Namtumbo, ulipo mradi wa urani wa Mto Mkuju. Ninavyofahamu, mawe yakishasagwa na urani kutolewa kwa asidi ya salfuriki, tope linalobaki huwa bado na takriban asilimia 85 ya mionzi ya mwanzo, kwa kuwa thoriamu na radiamu (metali nyingine zenye mionzi zinazotokana na urani) hubaki humo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mvua: maji yenye oksijeni na kabonati huyeyusha urani na kuipeleka kwenye maji ya ardhini, ilhali radiamu hunaswa na salfati (chumvi itokanayo na asidi ya salfuriki) mpaka kemia ya tope ibadilike.

Je, inatosha kulinganisha urani na kikomo cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 30 kwa lita, au nipime pia radiamu, aseniki na salfati? Sampuli nazichuja kwa kichujio cha mikroni 0.45 na kuzitia asidi ya nitriki palepale kisimani. Je, nichukue na chupa ya pili isiyotiwa asidi? Miamba ya huku ina urani ya asili, hivyo vipimo vya awali, vya kabla ya uchimbaji, visipokuwepo, itakuwa vigumu sana kuthibitisha kilichotoka mgodini.