Wakuu, kijito changu cha Uluguru kinanipa tope kidogo mno, nifanyeje?

Kipimamvua: Habari za jioni wakuu. Niko shahada ya uzamili, napima mmomonyoko kwenye kijito kinachoshuka Uluguru upande wa Morogoro mjini. Nachota maji, nachuja, nakausha karatasi kwenye oveni nyuzi 105, napima uzito wa tope. Nikizidisha na mtiririko napata kilo themanini na ushee kwa siku. Msimamizi kacheka, eti kwa mashamba yale ya mteremko haiwezekani. Mizani iko sawa. Tatizo karatasi za chujio? Usingizi sina.

Babu Mluguru: Mnachoma milima halafu mnauliza karatasi! Mkoloni alitulazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, wazee wakayagomea 1955. Leo hata hao wa kulazimisha hawapo.

Karoti za Mgeta: Babu, yale matuta yenyewe yaliwatoa jasho bure. Marehemu mzee wangu alikuwa akisimulia Februari 1970 Mgeta, hukohuko Uluguru: mvua ya saa chache tu, maporomoko zaidi ya 1,000. Shamba lote lilihamia bondeni.

Fundi Mito: Turudi kwenye mada. Mkuu, ulichota saa ngapi?

Kipimamvua: Asubuhi, maji yakiwa yametulia.

Fundi Mito: Miezi ipi?

Kipimamvua: Kwani inahusu nini?

Fundi Mito: Taja miezi.

Kipimamvua: Julai hadi Septemba. Ila masika pikipiki haipandi kule, na mafuriko yanakuja usiku, nani achote? Nimeshachora mstari wa tope na mtiririko, nauvuta hadi kwenye kina cha mafuriko. Sura ya nne iko tayari, sioni haja ya kuivunja.

Shangazi Bigwa: Oa kwanza, usingizi utarudi.

Fundi Mito: Umepima kiangazi, mmomonyoko hujaugusa. Piga hesabu. Miligramu 20 kwa lita, mtiririko meta za ujazo 0.05 kwa sekunde: kama kilo 86 kwa siku. Sasa weka gharika ya miligramu 5,000 na meta za ujazo 3: tani 54 kwa saa moja. Na mstari wako hautakuokoa. Kwenye vijito vidogo tope mara nyingi hutangulia, maji yakiwa bado yanapanda. Yakishuka kwa kina kilekile yamekwisha kuwa mepesi. Kina kimoja, majibu mawili. Funga chupa kwenye nguzo, moja juu ya nyingine, kila moja na mirija miwili, wa kuingiza maji na wa kutoa hewa. Mto ukipanda zinajaa zenyewe, wewe umelala.

Kipimamvua: Nguzo itasombwa. Na muda sina.

Mchungulizi: Wakuu, hii chai. Akaunti ya leo, na mwezi uliopita kuna mwingine alileta kijito cha Usambara, kilo themanini na ushee zilezile! Anatafuta wa kumwandikia tasnifu bure.

Karoti za Mgeta: 😂😂 Chai na maandazi. Lete picha ya chupa.

Kipimamvua: Sina shida na mtu. Picha ziko kwenye simu iliyoharibika.

Babu Mluguru: Simu nayo imesombwa?

Fundi Mito: Hata kama ni chai, wapo watakaosoma. Nguzo ifungwe kwenye mwamba, siyo kwenye mchanga.

Kipimamvua: Mirija ya kipenyo gani?