Naomba ushauri: nilipie kidato cha tano shule binafsi, au nisubiri TAMISEMI (ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi shule za serikali) watoe majina ya waliochaguliwa?

Habari zenu wazazi na walimu humu.

Binti yangu amepata daraja la pili kidato cha nne, pointi 19: Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati D. Kwenye selform (fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano) tumeweka PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) chaguo la kwanza, CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) la pili. Wakati huohuo kapata nafasi ya PCB shule moja binafsi ya bweni. Ada ni 2,400,000 kwa mwaka kwa awamu nne, na ya kwanza inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, ilhali TAMISEMI hawajatoa majina. Fomu ya kujiunga ina kurasa tatu: godoro, ndoo mbili, rimu ya karatasi, halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, "ada iliyolipwa hairudishwi". Hapo ndipo nilipokwama.

Nimeshapitia matokeo yao ya kidato cha sita kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), mtahiniwa mmoja mmoja. Daraja la kwanza ni wengi, lakini karibu wote ni wa HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Wa PCB ni wachache na Fizikia inawaangusha. Nimeomba kulipa nusu ya awamu, mhasibu amekataa.

Naomba kujua:

1. Kuna aliyewahi kupata barua ya shule ya kurudishiwa ada mtoto akichaguliwa serikalini? Iliandikwaje?

2. Kwa D ya Hisabati, BAM (Basic Applied Mathematics, somo la hisabati la kidato cha tano na sita) itamlemea kiasi cha kufanya CBG iwe salama zaidi, au CBG nayo inamkuta na BAM ileile?